Onigiri: Sayansi ya Tonge la Wali la Kijapani

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mpishi husifiwa kwa wali uliochambuka, yaani wali ambao kila punje imejitenga na mwenzake. Wali ulioshikana huitwa mashendea, na aghalabu huhesabiwa kuwa ni kosa la maji mengi au la moto usiotosha. Nchini Japani kipimo ni kinyume cha hicho. Huko wali mzuri ni ule ambao punje zake zimeshikana pasipo kupondeka, kiasi cha kuweza kuinuliwa kwa vijiti viwili. Sifa hiyo ndiyo iliyozaa chakula kiitwacho onigiri, yaani tonge la wali lililofinyangwa kwa mikono na kutiwa kitoweo katikati.

Watu waliowahi kusoma au kufanya kazi Japani, pamoja na wale waliokionja chakula hiki kwa wageni, hujaribu kukipika nyumbani kwao. Mara nyingi jaribio la kwanza hushindwa. Ama tonge husambaratika mkononi, ama hushikana likiwa la moto kisha likawa gumu lipoapo. Tena liko kosa la tatu, ambalo ni baya kuliko hayo mawili: tonge lililofinyangwa asubuhi na kuliwa jioni huweza kumlaza mlaji kitandani. Makosa yote matatu yana sababu zinazojulikana, na mpishi anayezielewa anaweza kuyaepuka.

CHAKULA CHA SAFARI

Jina onigiri latokana na kitenzi cha Kijapani nigiru, chenye maana ya kufumbata kwa kiganja. Chakula hicho huitwa pia omusubi, kutokana na kitenzi musubu, yaani kufunga au kuunganisha. Tonge moja huwa na uzito wa gramu 100 hivi. Aghalabu huwa na umbo la pembetatu, ingawa yako pia ya mviringo na ya mfano wa pipa dogo. Nje yake huzungushiwa kipande cha mwani uliokaushwa, uitwao nori. Haifai kulichanganya tonge hili na sushi: wali wa sushi hutiwa siki, lakini wali wa onigiri hautiwi kitu ila chumvi. Tofauti hiyo, kama itakavyoonekana hapa chini, si ya ladha peke yake.

Chakula hiki ni cha kale. Mwaka 1987, katika mkoa wa Ishikawa, wachimbuaji wa mambo ya kale walipata bonge la wali lililoungua na kuwa kama kaa, la tangu zama za Yayoi, yapata miaka 2,000 iliyopita. Karibu na nyakati zetu, mwaka 1889, shule moja katika mji wa Tsuruoka, mkoa wa Yamagata, ilianza kuwapa watoto wa maskini chakula cha mchana bila malipo. Chakula chenyewe kilikuwa onigiri, samaki wa chumvi na mboga zilizosindikwa, na tukio hilo huhesabiwa kuwa mwanzo wa chakula cha shuleni nchini Japani.

Tangu zamani, basi, onigiri imekuwa chakula cha kuchukuliwa: cha mkulima aendaye shambani, cha msafiri na cha mwanafunzi. Hakihitaji sahani wala kupashwa moto. Huliwa kikiwa kimepoa, saa kadhaa baada ya kupikwa. Hapo ndipo ugumu wake ulipo, kwa maana wali lazima ushikane, ubaki laini baada ya kupoa, na usiharibike njiani.

GUNDI ILIYOMO NDANI YA PUNJE

Zaidi ya robo tatu ya uzito wa mchele uliokobolewa ni wanga. Wanga huo umo katika chembechembe ndogo sana, na kila chembe imejengwa kwa minyororo mirefu ya sukari iitwayo glukosi. Minyororo hiyo ni ya namna mbili. Ya kwanza huitwa amilosi, nayo imenyooka kama uzi. Ya pili huitwa amilopektini, nayo ina matawi mengi kama kichaka.

Mchele unapopikwa, chembe za wanga hunywa maji na kuvimba. Baina ya nyuzi 60 na 75 hivi za Sentigredi, kwa kutegemea aina ya mchele, mpango wake wa ndani huvunjika na wanga hugeuka rojo, kama vile unga wa muhogo unavyogeuka ukitiwa katika maji yachemkayo. Sehemu ya wanga huvuja nje ya punje na kuacha utando mwembamba juu yake. Utando huo ndio gundi ya onigiri. Katika mchele wenye amilosi kidogo, utando huwa na amilopektini kwa wingi, nao hunata. Katika mchele wenye amilosi nyingi, punje hukaza na utando haunati.

Kwa hiyo ustadi wa mikono peke yake hauwezi kuunganisha wali usiokuwa na gundi hiyo. Mpishi anayelifumbata tonge kwa nguvu ili lisisambaratike hupata bonge lililopondeka nje na gumu ndani, wala si onigiri.

KUCHAGUA MCHELE

Mpunga wa Asia, ambao jina lake la kitaalamu ni Oryza sativa, una makundi makuu mawili. Kundi la indika huwa na punje ndefu na nyembamba. Kundi la japonika huwa na punje fupi na nene. Mchele wa kawaida wa Kijapani una amilosi ya kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya wanga wote. Aina iitwayo Koshihikari, iliyosajiliwa mwaka 1956 na ambayo kwa miaka mingi imelimwa Japani kuliko nyingine yoyote, ina asilimia 17 hivi. Aina nyingi za indika hupita asilimia 20, na baadhi hupita 25. Upo pia mchele wa mochi, ambao karibu hauna amilosi kabisa. Huo hunata mno, na Wajapani huutwanga ukiwa umepikwa ili kufanyia mikate.

Mizani hiyo yatosha kueleza kwa nini jaribio la nyumbani hushindwa. Pishori ya Mwea, ambayo ni ya ukoo wa Basmati, na supa ya Kyela ni michele inayopendwa kwa harufu yake nzuri na kwa kuchambuka kwake. Si michele duni. Ila imechaguliwa kwa kazi iliyo kinyume cha hii. Hata katika mashamba ya umwagiliaji ya Lower Moshi, mkoani Kilimanjaro, yaliyojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980, mpunga uliopandwa kwa wingi ulikuwa IR54, ambao ni wa kundi la indika.

Asiyepata mchele wa Kijapani anaweza kutafuta jamaa zake wa kundi la japonika ambao huuzwa katika maduka makubwa ya miji: mchele wa Misri wenye punje fupi, Calrose wa California, au hata Arborio wa Italia. Kipimo rahisi cha macho ni kwamba urefu wa punje usizidi sana mara mbili ya upana wake.

Umri wa mchele nao una kazi. Wapishi wengi wanajua kwamba mchele mpya, uliotoka shambani msimu huohuo, huhitaji maji machache na hushikana upesi, ilhali mchele uliokaa ghalani huchambuka. Kwa pilau, mchele uliokaa ni bora. Kwa onigiri, mpya ndio unaofaa. Ikiwa hakuna mchele ila wa punje ndefu, basi na uwe mpya, na tonge liliwe likiwa bado vuguvugu, kwa kuwa likipoa litavunjika.

Jambo la mwisho ni mafuta. Tui la nazi, samli na mafuta ya kupikia hufunika punje, tena mafuta hujifunga na amilosi na kuuzuia wanga usivuje. Ndiyo maana mchele wa pilau hukaangwa kwanza. Katika wali wa onigiri hakutiwi hata tone.

KUPIKA NA KUFINYANGA

Kwa matonge sita hutosha gramu 300 za mchele. Mchele huoshwa kwa maji mara tatu au nne, huku ukisuguliwa taratibu, mpaka maji yakaribie kuwa meupe. Kuosha huondoa pumba na unga wa nje, ambao ungelifanya sufuria zima kuwa uji, lakini hakuondoi gundi, kwa sababu gundi hutoka ndani ya punje wakati wa kupikwa. Kisha mchele hulowekwa kwa nusu saa, au zaidi penye baridi, ili maji yafike katikati ya punje. Punje isiyolowekwa huiva nje na kubaki na kiini kigumu.

Mchele ukisha chujwa, hutiwa katika sufuria nzito pamoja na mililita 400 hivi za maji, na kufunikwa barabara. Moto huwa mkali mpaka maji yachemke, kisha hupunguzwa kwa dakika 12 hivi hadi maji yakauke. Sufuria huepuliwa na kuachwa palepale, bila ya kufunuliwa, kwa dakika 10 hadi 15. Desturi ya pwani ya kupalia wali kwa makaa juu ya kifuniko haifai hapa, maana hukausha punje za juu na kuondoa utando unaotakiwa. Baadaye wali hugeuzwa kwa upawa wa mti, kwa kuukata na kuuinua, wala si kwa kuukoroga.

Tonge hufinyangwa wali ukiwa wa moto kiasi cha kuvumilika mkononi. Katika mila ya Japani mikono hulowanishwa kwa maji ili wali usinate, kisha hupakwa chumvi kidogo. Wali hutandazwa kiganjani, kitoweo huwekwa katikati, wali mwingine hufunika, na tonge hubanwa kwa upole mara tano au sita huku likizungushwa. Mkono mmoja hulishikilia kwa chini na mwingine hukunjwa kama paa la nyumba ili kutoa pembe. Nguvu iwe ya kuunganisha punje za nje tu. Ndani zibaki nafasi za hewa, ili tonge lilegee mara lifikapo kinywani.

KITOWEO NA MWANI

Kitoweo cha asili kinachosifiwa zaidi ni umeboshi, yaani tunda la mti wa ume lililosindikwa kwa chumvi na kukaushwa juani. Katika njia ya zamani chumvi hufikia karibu asilimia 20 ya uzito wa tunda. Ukali wake watokana hasa na asidi ya sitriki, ile ile iliyomo katika ndimu. Kwa sababu hiyo achari ya ndimu ya pwani, ikikatwakatwa, hukaribia sana ladha ya umeboshi. Badala ya samaki wa chumvi wa Kijapani hufaa ng'onda aliyerowekwa, akachomwa na kuchambuliwa miiba. Kitoweo kiwe kikavu, kwa kuwa mchuzi hulegeza gundi ya wali.

Nori ni mwani mwekundu wa jamii ya Pyropia, ambao husagwa, hutandazwa na kukaushwa kama karatasi. Ukichomwa kidogo, rangi yake nyekundu huvunjwa na joto na kuachia kijani. Kwa muda mrefu wakulima wa Japani hawakujua mbegu za mwani huo hukaa wapi majira ya joto. Fumbo hilo lilifumbuliwa mwaka 1949 na Kathleen Drew-Baker, mtaalamu wa mimea wa Manchester, Uingereza, aliyeonyesha kwamba mwani huo hupitisha sehemu ya maisha yake ukiwa kama nyuzi ndogo ndani ya magamba ya konokono na chaza. Ugunduzi huo ulifungua njia ya kilimo cha kisasa cha nori, na wakulima wa Kumamoto walimjengea mnara wa kumbukumbu.

Mwani unaolimwa Zanzibar kwa biashara tangu mwaka 1989 ni wa jamii nyingine. Hulimwa kwa ajili ya karajini, dutu inayotumika kugandisha vyakula, na hauchukui nafasi ya nori. Pasipo nori, tonge linaweza kuachwa tupu na kufungwa kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni. Hata Wajapani wa zamani waliyafunga matonge yao kwa maganda ya mwanzi.

KWA NINI TONGE HUKAKAMAA

Wali ukipoa, minyororo ya wanga iliyokuwa imetawanyika huanza kujipanga upya na kusukuma maji nje. Amilosi hujipanga kwa muda wa saa chache. Amilopektini huchukua siku kadhaa. Ndiyo sababu wali wa punje ndefu hukakamaa siku ileile, ilhali wa Kijapani huendelea kuwa laini.

Kukakamaa huku huenda kasi zaidi karibu na nyuzi 0 hadi 5 za Sentigredi, yaani joto la jokofu la nyumbani. Chini ya hapo, katika barafu kali ya nyuzi 18 chini ya sifuri, karibu husimama. Tonge lililolala katika jokofu basi huwa gumu na la kuchosha meno, na ndiyo maana Wajapani wengi huepuka kuliweka humo. Madukani mwao onigiri huwekwa penye joto la nyuzi 20 hivi. Lakini matonge hayo hutengenezwa viwandani kwa usafi mkubwa na kuuzwa kwa saa zilizohesabiwa. Anayeiga desturi hiyo katika jikoni la Dar es Salaam au Mombasa, penye joto la nyuzi 30 na zaidi, hujitia katika hatari.

HATARI ISIYOONEKANA

Katika udongo wa mashamba huishi kijidudu kiitwacho Bacillus cereus. Penye shida hujigeuza kuwa spora, yaani mbegu yenye ganda gumu, na spora hizo hufuatana na mchele hadi jikoni. Maji yachemkayo huua vijidudu vilivyo hai, lakini spora nyingi huokoka. Wali ukipoa na kukaa vuguvugu, spora huchipua na vijidudu huongezeka, hasa baina ya nyuzi 30 na 37. Baadhi yao hutoa sumu ya kutapisha, na mlaji huanza kutapika baada ya nusu saa hadi saa sita. Ugonjwa wa namna hii ulielezwa kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1971, miongoni mwa watu waliokula wali wa kukaanga wa mikahawani, uliopikwa mapema na kuachwa bila ya kupozwa vizuri.

Mambo mawili huifanya sumu hiyo kuwa ya hila. Kwanza, haiharibiwi na moto wa jikoni. Pili, wali huweza kuwa nayo kabla haujachacha, hata pua isitambue lolote. Mazoea ya kunusa kiporo cha wali asubuhi na kukipasha moto, basi, si kinga ya kutosha.

Adui wa pili hutoka kwa mpishi mwenyewe. Staphylococcus aureus ni kijidudu kinachokaa puani na katika ngozi ya watu wengi walio wazima, na hasa katika vidonda vya vidole. Nacho hutoa sumu isiyoharibiwa na moto wa kawaida. Tena huvumilia chumvi kuliko vijidudu vingi, hivyo chumvi inayopakwa mikononi haikizuii. Ni kwa sababu hiyo mamlaka za afya za Japani siku hizi hushauri wali ufinyangwe kwa kutumia karatasi laini ya plastiki au glavu, badala ya mikono mitupu.

Watu wengi huamini kwamba umeboshi hulinda tonge lote. Ni kweli kwamba asidi na chumvi huzuia vijidudu, lakini ni pale tu zinapogusa. Wali ulio mbali na kitoweo haupati ulinzi wowote. Wali wa sushi una nafuu, maana siki huenea katika kila punje.

Basi anayepika onigiri katika nchi ya joto na azingatie haya. Mikono ioshwe kwa sabuni, na mwenye kidonda asifinyange. Tonge lipozwe upesi penye upepo, wala lisifungwe likiwa linatoa mvuke. Katika joto la mchana liliwe ndani ya saa mbili, na katika joto kali ndani ya saa moja. Likihitajika kuchukuliwa mbali, liwekwe katika chombo chenye barafu. La kesho lifungwe na kutiwa katika barafu kali siku ileile. Lisipoliwa kwa wakati wala kuhifadhiwa hivyo, litupwe.

TONGE LA KUCHOMA

Tonge lililokakamaa kwa kukaa katika baridi lina dawa, nayo ni moto. Wanga wa amilopektini uliojipanga upya hulegea tena ukipashwa hadi kupita nyuzi 60, na tonge hurudia ulaini wake. Wajapani hutumia maarifa hayo katika yaki onigiri, yaani tonge la kuchoma. Tonge lisilo na nori huwekwa juu ya wavu wa jiko la makaa mpaka pande zote zikauke na kushika ukoko. Kisha hupakwa mchuzi wa soya, hugeuzwa, na kupakwa tena. Sukari na asidi za amino zilizomo katika mchuzi huungana kwa joto na kutoa rangi ya kahawia pamoja na harufu inayowaita walaji. Njia hii yafaa sana nyumbani, kwa kuwa humruhusu mpishi kulipoza tonge bila ya hofu ya kuharibu ladha.

Lakini moto huo huponya ugumu tu. Tonge lililoachwa mezani usiku kucha, hata likichomwa mpaka likawa jekundu, hubaki na sumu yake. Usalama wake huamuliwa katika zile saa za kwanza baada ya sufuria kufunuliwa, na ndivyo ilivyo kwa kila sufuria ya wali, uwe wa Kijapani au wa nazi.